Mizania Arudia Somo la Ukaguzi

Matokeo ya mtihani wa bodi ya wahasibu yalitoka Jumamosi asubuhi, mke akiwa kwenye cherehani na binti akipiga pasi. Binti ndiye aliyetangulia kuona yake. Hakupiga kelele wala hakuruka. Alisema tu, "Nimefaulu," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kisha akaiweka pasi wima na kumgeukia baba yake, ambaye alikuwa akihangaika kufuta miwani kwa pindo la shati.

Walikuwa wamefanya mtihani mmoja, siku moja, ukumbi mmoja, binti safu za mbele na baba nyuma karibu na dirisha. Sasa baba akaichukua simu, akaingia nayo bafuni na kufunga komeo. Wale wawili sebuleni wakasikia bomba likifunguliwa, likifungwa, likifunguliwa tena. Alipotoka uso ulikuwa umelowa chepechepe, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni maji ya bomba peke yake.

"Nimekwama palepale," alisema. "Ukaguzi."

Mke akaondoa mguu kwenye cherehani. Binti akasema haraka, "Pole, baba," akairudia pasi yake kana kwamba zile nguo ndizo zilizokuwa zimefeli. Simu yake ilipoita, rafiki yake akitaka kumpongeza, alikwenda kuipokelea nje nyuma ya nyumba, akaongea kwa kunong'ona.

Jina la Mizania baba huyo alipewa kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha magodoro, na yeye aliingia pale kijana kabisa, karani wa getini, kazi yake kuandika lori gani limeingia na limebeba nini. Alipopandishwa ofisi ya hesabu akawa na tabia ya kutokubali mtu atoke mwisho wa mwezi kabla mizania haijakaa sawa, pande zote mbili zikisomeka jumla moja. "Mizania kwanza, nyumbani baadaye," alikuwa akisema, na watu waliotaka kuwahi nyumbani wakamlipa kwa kumbandika jina hilo. Naye hakulichukia. Lilimpendeza hasa.

Masomo ya bodi aliyaanza akiwa tayari ana mke na mtoto. Alisoma jioni, akitoka kazini moja kwa moja hadi darasani, na siku za mapumziko alisoma kwenye meza ya kulia chakula, upande mmoja yeye na vitabu vyake vya uhasibu, upande wa pili kifungua mimba wake na jedwali la kuzidisha. Somo moja lilimchukua mwaka, jingine miaka. Mtoto akakua, akamaliza shule, akaenda chuo, akaanza na yeye masomo ya bodi, na kwa kuwa hakuwa na kiwanda cha kumla siku nzima akampata baba yake njiani. Ikafika mahali wanagombania kitabu kimoja, na mama mtu akawa anawacheka: "Nyumba hii mtu akitaka chumvi lazima aandike barua ya maombi."

Mizania alibakiza somo moja tu, ukaguzi wa hesabu. Mara ya kwanza alipofeli alisema ni homa. Mara ya pili alisema ni shughuli za kufunga mwaka kiwandani. Mara hii hakuwa na homa, mwaka ulikuwa umefungwa zamani, na alisoma mpaka miwani ikamchora alama puani. Alikosa cha kusingizia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Na kazini walikuwa wakimsubiri. Mkurugenzi wa kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Inchi Nane kwa sababu alipenda kuwaambia wateja kwamba mtu mwenye heshima zake halali kwenye godoro lisilofika inchi nane, alimfanya Mizania kaimu mhasibu mkuu tangu aliyekuwepo astaafu. Ukaimu ule ulikaa sana, hata wafagiaji wapya walidhani Kaimu ndilo jina alilopewa na wazazi wake. "Wewe niletee cheti tu," Inchi Nane alikuwa akimwambia kila wakipishana kwenye ngazi, "nikuthibitishe hata siku hiyohiyo."

Baada ya matokeo nyumba ilikaa kama nyumba yenye msiba. Mizania alikula kidogo, aliongea kidogo, alitazama taarifa ya habari bila kusikia. Binti alitembea kwa kunyata. Jirani mmoja aliyesikia kwa watu kwamba msichana amefaulu alifika na vigelegele mdomoni, akakuta nyuso za mle ndani, akavimeza, akaomba kiberiti na kuondoka.

Mke alivumilia wiki moja. Jumapili alimfuata mumewe uani, alipokuwa amejifanya anakaza misumari ya kiti kisicholegea.

"Baba watoto, weka nyundo chini nikuulize. Nani amefeli nyumba hii?"

"Si mimi?"

"Ni wewe. Na nani amefaulu?"

Mizania akaokota msumari.

"Mtoto amefaulu mtihani ambao watu wazima wanazeeka nao, na sisi tumemkalia matanga. Juzi nimemkuta jikoni anasoma ujumbe wa pongezi huku amegeukia ukuta, kama mtu anayekula kwa kuiba. Wewe ukisikia uchungu, sikia. Haki yako. Lakini usimfanye mwenzio aone aibu kwa kuwa amefaulu."

Mizania alibaki na msumari mkononi. Kwa kweli hakuwa amefikiria hivyo hata mara moja. Alidhani kimya chake ni mzigo wake mwenyewe, na kumbe nyumba nzima ilikuwa imeushika upande wa pili. Aliingia ndani, akamkuta binti akipanga vyombo, akasimama mlangoni mikono ikimzidi.

"Mama," alimwambia, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "nilikuwa sijakupa hongera."

"Haina neno, baba."

"Ina neno. Hongera sana, mwanangu. Umenipita, na ndivyo nilivyotaka. Nilisahau tu kwamba ndivyo nilivyotaka."

Binti akacheka huku macho yakimjaa. Kisha, kwa vile ameona mlango uko wazi, akapenyeza lake. "Mtihani wa kurudia hauko mbali. Niache nikusaidie, baba."

"Mimi nimekufundisha kuoga na kufunga kamba za viatu, leo unifundishe ukaguzi?"

"Si ukaguzi tu. Na mwandiko."

Ilibidi acheke na yeye.

Walianza kusoma asubuhi, kabla kila mtu hajashika njia yake. Binti alikuwa amepata kazi ya majaribio kwenye ofisi ya hesabu ya hospitali, kwa hiyo muda ulikuwa mfupi, chai mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Mambo ya kukokotoa Mizania hakuyahitaji kufundishwa. Binti akisoma swali lenye takwimu, baba alikuwa akilijibu kabla kalamu haijatoka mfukoni. Tatizo halikuwa huko. Binti alilijua tatizo lilipo siku alipoacha takwimu na kumpa swali la maelezo, kwa mdomo tu, mama mtu akiwa pembeni anakata kitambaa.

"Wewe ni mkaguzi, umeitwa kukagua kampuni. Unagundua kwamba anayewauzia malighafi ni shemeji yake mkurugenzi, na bei zake ziko juu kuliko za soko. Kwenye hesabu hakuna mahali palipotajwa. Unafanyaje?"

"Namfuata mkurugenzi," Mizania alijibu bila kusita. "Lakini siyo asubuhi. Baada ya chakula cha mchana, akiwa ametulia. Namwambia kwa upole, mzee, jambo hili likijulikana litaleta maneno."

"Halafu?"

"Akinielewa, vizuri."

"Asipokuelewa?"

"Basi. Si nimeshasema?"

"Halafu unafanya nini, baba?"

"Nafunga hesabu. Mwaka hauwezi kubaki wazi kwa ajili ya shemeji ya mtu."

Mkasi wa mama ulisimama katikati ya kitambaa. Binti alimgeukia baba yake, akaongea taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Lakini hapo wewe ni mkaguzi. Si mfanyakazi wake. Mbona kila swali unajibu kama unaogopa kufukuzwa?"

"Nani anaogopa? Hayo ndiyo maisha ya kazini. Huyo aliyeandika kitabu chako aliwahi kuajiriwa na mtu?"

"Baba, ndivyo mnavyofanya kiwandani?"

Mizania akatazama saa, akasema amechelewa, akaacha chai nusu kikombe.

Siku ile kazini hakutulia. Alikuwa akijihesabu mtu mnyoofu, na kwa jinsi wengi walivyomfahamu alikuwa mnyoofu kweli. Hajawahi kuchukua hata rimu ya karatasi ya ofisi. Ila kulikuwa na yale mengine, madogomadogo, ya kusogeza mauzo ya wiki hii yaonekane ya mwezi uliopita, ya kunyamazia safari ya familia iliyoandikwa safari ya kikazi. Hayo alikuwa hayahesabu. Aliyaita kumsaidia bosi. Sasa sauti ya binti ilikuwa imemkaa sikioni na haitoki.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, na bati la ghala la nyuma likaachia. Mtunza ghala, mtu mnene mwenye utani mwingi, ambaye waliingia naye kazini msimu mmoja, alimwita kwenda kuona. Siku hiyo hakuwa na utani. Magodoro yaliyopangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari yalikuwa yamenyonya maji upande mzima wa ukuta. Mizania alibonyeza moja kwa kiganja, maji ya rangi ya chai yakatoka, na harufu ya ukungu ikampanda hadi kwenye paji la uso.

"Yakianikwa?" aliuliza.

"Yameanikwa haya, kaka. Unayoyaona ndiyo yaliyoanikwa."

Ilikuwa kipindi cha kufunga mwaka, na safari hii hesabu zilisubiriwa na mgeni. Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka kununua sehemu ya kiwanda, aongeze mashine, na Inchi Nane alikuwa akimsifia kila mahali kama mchumba. Alimwita Mizania ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Lile ghala la nyuma," alisema, "liandike kama lilivyokuwa kabla ya mvua. Thamani ileile. Mwekezaji akishaingia, tutaishusha taratibu mwakani, hakuna atakayejua."

"Nitaliangalia, mzee," Mizania alijibu. Ni jibu alilokuwa nalo tayari mdomoni, lilimtoka lenyewe.

Kuanzia hapo kusoma kukamshinda. Kila ukurasa aliofungua ulimzungumzia yeye. Mada ya kuhakiki bidhaa ghalani, ukungu ukampanda puani. Mada ya maadili, akafunga kitabu. Asubuhi moja binti alipomsomea swali jingine la mkurugenzi anayetaka hesabu zipambwe, alipiga meza hadi vikombe vikalia.

"Maswali haya unayatafuta makusudi! Kitabu hicho hakijawahi kusimama mbele ya bosi hata siku moja. Na wewe pia bado. Subiri usimame, ndipo uje unifundishe."

Binti alikusanya karatasi zake, akaenda kazini bila kunywa chai. Kesho yake meza ilibaki tupu, na siku iliyofuata pia. Mke naye alikimbiza cherehani kwa kasi kuliko kawaida, na Mizania alijua kwamba mkewe akikasirika hushona haraka.

Si kwamba aliamka siku moja akiwa shujaa. Alikuwa amezitengeneza hesabu kama alivyoagizwa, zimekaa sawa pande zote mbili, zinapendeza, zimebaki kusainiwa tu. Akaweka kalamu chini, akaenda ghalani tena peke yake, labda akitumaini kwamba jua la siku zile limefanya muujiza. Muujiza haukuwepo. Godoro alilolibonyeza lilikuwa limeota madoa meusi, na alipolivuta kitambaa kikachanika mkononi kama karatasi. Akasimama pale akijiambia maneno yote aliyozoea kujiambia, kwamba yeye ni mtu wa kuagizwa, kwamba ana familia, kwamba mwakani thamani itashushwa. Hakuna hata moja lililosimama. Akarudi ofisini, akaishusha thamani ya ghala zima la nyuma, akaandika sababu yake kwa sentensi moja, akasaini, akazipeleka.

Inchi Nane alisoma akiwa amesimama. Shingo ndiyo iliyobadilika rangi kwanza.

"Nani amekwambia godoro likilowa linaacha kuwa godoro?"

"Mzee, yameoza. Twende ukayaone."

"Nimeyaona. Nimekuagiza uandike nini?"

"Siwezi kuandika kilichokuwepo kabla ya mvua. Mwekezaji anasoma ili ajue kilichopo sasa."

Inchi Nane akaweka karatasi mezani, akamtazama, kisha akacheka, kicheko cha puani. "Ngoja nikuulize. Somo gani lile linalokushinda kila mwaka? Si hilohilo la ukaguzi? Mtu amefeli ukaguzi mara tatu, leo anakuja kunifundisha ukaguzi ofisini kwangu!"

Maneno mengi yalimjia Mizania, mengine ya adabu na mengine ya matusi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Ni kweli, nimefeli," alisema. "Lakini godoro limeoza, mzee."

Hakufukuzwa. Kabla wiki haijaisha alihamishiwa duka la kiwanda lililoko mbele, upande wa barabarani, kuuza na kuandika risiti. Ukaimu alipewa kijana aliyekuwa msaidizi wake, kijana mwenye cheti, ambaye alikuja kumuaga akitazama viatu. Hesabu alizosaini Mizania ziliwekwa kando, zikaandaliwa nyingine. Mwekezaji alipoleta watu wake, hawakutosheka na kusoma. Waliomba funguo za maghala. Walipolifungua la nyuma walitoka wameziba pua, na siku ya pili yake mwekezaji akapiga simu kusema atalifikiria upya. Hakurudi.

Hapo ndipo lilipomuuma lile ambalo hakulitarajia. Wafanyakazi, ambao walikuwa wameahidiwa mashine mpya na kazi za ziada, waliamua kwamba mchawi ni Mizania. Ikasemwa yeye ndiye aliyewanong'oneza wageni. Watu aliokula nao miaka yote wakaanza kupita mbele ya duka kama wanapita mbele ya ukuta. Mtunza ghala alikuja siku moja, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Kaka, mimi nakufahamu, sisemi umesema. Lakini ungefumba jicho moja tu. Moja tu! Leo tungekuwa wapi?"

"Wewe si ndiye uliyeniita nikaone?"

"Nilikuita uone," mtunza ghala alisema. "Sikukuita uandike." Akaenda zake.

Nyumbani mke hakumpigia makofi. Alikaa kitandani, mikono mapajani. "Sikulaumu," alisema, "lakini naogopa. Usitake nijifanye siogopi." Binti ndiye aliyelia. Alimwambia baba yake kwamba yeye ndiye aliyemponza kwa maswali yake ya asubuhi. Mizania alimkatiza. Alimwambia maswali hayaponzi mtu, na kwamba yale makelele ya mezani siku ile hayakuwa yake yeye binti, alikuwa anajipigia mwenyewe. "Unisamehe, mama." Lakini alipobaki peke yake hakujiona mtu jasiri. Alijiona mjinga, mtu aliyetupa kazi ya maisha yake kwa sababu ya sponji iliyolowa.

Na mtihani ulikuwa unakaribia. Sasa kulikuwa na faida gani? Cheti alikuwa akikitafutia cheo, na cheo kimekwenda. Kwa siku kadhaa alisema harudii, atulie na umri wake. Binti hakubishana naye. Alirudisha tu vitabu mezani asubuhi, akajimiminia chai, akaanza kusoma swali kwa sauti kana kwamba anajisomea mwenyewe, na akalijibu vibaya makusudi. Mizania alivumilia swali la kwanza. La pili akashindwa.

"Siyo hivyo!" alifoka kutoka chumbani. "Hapo unaanza na ushahidi, ndipo utoe maoni!"

"Njoo uniandikie, basi, sikusikii vizuri."

Akaja na soksi moja mguuni.

Dukani wateja hawakuwa wengi. Alisoma akiwa ameketi ukingoni mwa godoro la maonyesho, na mteja akiingia alificha kitabu chini ya mto. Watu walikuja, wakabonyeza, wakalala chali viatu vikining'inia nje, wakauliza kama hilo halitabonyea katikati. Aliwajibu ukweli mtupu hata pale usipouza. Mama mmoja alimwambia, "Mzee, wewe hutaki biashara," kisha akanunua.

Siku ya mtihani alivaa shati jeupe na suruali ya kitambaa, akaingia ukumbini mapema. Vijana waliokuwa wakipiga soga wakasimama wote kwa mpigo. "Shikamoo, mwalimu," mmoja alisema, na mwingine akaficha simu haraka. Walidhani ni msimamizi. "Kaeni, kaeni, sisi sote wafungwa," aliwajibu, wakacheka kwa aibu. Alipokaa magoti yaligonga chini ya meza.

Swali kubwa lilikuwa la kampuni ya mabasi na mkurugenzi aliyetaka ajali fulani isitajwe kwenye hesabu. Mizania alilisoma, akaanza kuandika, na alipofika mstari wa tatu akaona mkono wake umeandika kwamba atamfuata mkurugenzi na kumshauri faragha. Akaukata mstari. Ina maana hata sasa, baada ya yote yale, mkono ulikuwa bado unakwenda njia yake ya zamani. Alianza upya, akaandika anavyopaswa kufanya mkaguzi asiyemtegemea mtu yeyote kwa mkate wake, na kila sentensi aliivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Muda ulimwishia sehemu ya mwisho ikiwa nusu.

"Vipi, baba?" binti aliuliza getini, kwani alikuwa ameomba ruhusa kuja kumsubiri.

"Sijui. Safari hii sijui kabisa."

Kabla ya matokeo kulikuwa na siku ya bodi kuwatunuku vyeti wahasibu wapya. Mke alimshonea binti gauni, akamkazia mumewe koti la suti ambalo sasa lilimpwaya. Ukumbini Mizania alikaa na wazazi wengine. Wenzake kadhaa wa darasa la jioni, waliomtangulia kufaulu zamani, walikuwa jukwaani wakiwa wageni wa heshima, na mmoja alimpungia mkono. Mzee aliyekaa jirani akamuuliza, "Na wewe ni mhasibu?"

Swali hilo lilimchoma, lakini siyo kama alivyokuwa akiogopa. "Mimi ni baba wa mhasibu," alijibu. Na jina la binti liliposomwa, alipiga makofi akiwa amesimama, peke yake, mpaka mkewe akamvuta koti akae.

Matokeo yalitoka siku ya kazi. Alikuwa na kijana na msichana, wachumba, wanabishana kuhusu godoro gumu na laini, simu ilipoanza kuita mfukoni. Akaizima. Ikaita tena. Akawaomba radhi, akapokea, na sauti ya binti ikajaa duka zima hata bila spika. Alikuwa akipiga kelele ambazo hakuzipiga siku ya matokeo yake mwenyewe. Mizania aliketi juu ya godoro gumu, lilelile lililokuwa likibishaniwa.

"Mzee, vipi, kuna msiba?" msichana aliuliza.

"Hapana. Nimefaulu mtihani."

"Hongera! Mtihani wa nini?"

"Wa kazi ambayo sinayo tena," alisema, na wale wachumba wakatazamana wasijue wacheke au wampe pole.

Alikuwa amefaulu kwa alama zilezile za kupitia, bila hata moja ya ziada. Inchi Nane alimtumia salamu za pongezi kupitia kwa kijana yule kaimu, basi, yakaishia hapo. Mizania aliendelea kuuza magodoro muda mrefu kuliko alivyodhani. Aliomba kazi huku na huku, na kila mahali aliulizwa kwa nini mtu aliyekuwa kaimu mhasibu mkuu aliishia dukani. Alieleza kama ilivyokuwa. Wengine walitikisa kichwa kwa heshima na hawakumpigia simu. Mwishowe alichukuliwa na chama cha wenye malori, ofisi ndogo iliyobanwa kati ya ghala la matairi na karakana, ambako kelele za nyundo humfanya arudie kujumlisha. Siyo kazi aliyoiota. Mtunza ghala bado hamsalimii wakikutana sokoni, na hilo linamuuma hadi leo, wala halijifichi usoni anaporudi nyumbani siku hizo. Mkewe humwona tu anavyovua viatu, akajua amekutana na nani, akamwekea chakula bila kuuliza.